Hotuba ya Bingwa wa Kufuta Hukumu

Mabibi na mabwana, Waswahili wenzangu mnaoishi Marekani, tulieni. Simu zizimwe, watoto watolewe nje. Anayesema nanyi ni mimi, Bingwa wa Mabingwa, Mfutaji Mkuu wa Hukumu za Madeni, mwenye shahada niliyojitunuku baada ya kujitungia mtihani, kujisimamia na kujisahihisha. Nilifaulu vizuri sana.

Mada ya leo ni nzito: namna ya kuondoa hukumu ya zamani ya mahakama kwenye taarifa yako ya mikopo. Ulishtakiwa kwa deni la kadi au la hospitali, ukashindwa, na sasa unaona mwenye nyumba na benki wakichungulia taarifa yako watakukimbia. Usihofu. Nifuate.

Hatua ya kwanza: chukua taarifa zako kutoka Equifax, Experian na TransUnion, uzichapishe. Hatua ya pili: tafuta sehemu ya kumbukumbu za umma. Weka kidole. Unaiona hukumu? Huioni! Makofi, tafadhali.

Kijana wa miwani kule nyuma kanyoosha mkono. Anadai hukumu hizo ziliondolewa kuanzia Julai 2017, kampuni hizo tatu zilipokaza masharti baada ya kubanwa na wanasheria wakuu wa majimbo: isiandikwe hukumu isiyo na jina, anwani, na namba ya Hifadhi ya Jamii au tarehe ya kuzaliwa ya mdaiwa. Majalada mengi ya mahakama hayana hayo yote, basi hukumu zikang'oka, na sehemu ile ikaachiwa kufilisika peke yake. Keti, kijana. Mwaka 2017 mimi nilikuwa hai. Utaniambia hiyo nayo ni bahati tu?

Bado anabisha! Eti ukikuta kosa, unaiandikia kampuni yenyewe, nayo kwa kawaida hulazimika kuchunguza ndani ya siku 30, bure. Bure! Kitu cha bure kitakuwaje cha kitaalamu?

Kuhusu ada: sheria ya mwaka 1996 inawakataza wasafishaji wa taarifa za mikopo kuchukua malipo kabla kazi haijakamilika. Mimi ni mtu wa sheria. Sichukui malipo. Napokea takrima, nauli na chai, vyote kabla sijaanza.

Mama wa kitenge anauliza mbona Ijumaa amekatwa mshahara, na taarifa yake ni nyeupe pe. Mama, usichanganye mambo. Taarifa ni karatasi ya kampuni. Hukumu imelala kwenye jalada la mahakama, na huko hakuna aliyeigusa. New York, kwa mfano, mdai anaweza kukufuata kwa hukumu yake hadi miaka 20, riba ikipanda.

Wenye husuda watakwambia uende kwa karani wa mahakama ukalione jalada. Kama hukupata wito na hukumu ikatolewa haupo, uombe itenguliwe. Kama umeshalipa, umbane mdai apeleke mahakamani hati ya kukiri kwamba kalipwa. Wahenga nao wanadandia: dawa ya deni kulipa. Wahenga hawakuwa na diploma! Nyote mkienda kwa karani, sisi wataalamu tutakula wapi?

Maswali yamefungwa. Bahasha za takrima ziko mlangoni. Kijana wa miwani apitie dirishani.