Iko Siku Kitafaa

Watu wana maneno. Wanasema nyumba ya mjomba wangu kule Temeke imejaa takataka, na wanaosema hivyo ndio hao hao wanaotupa chupa jioni, kesho yake asubuhi wako mlangoni kwake kuazima chupa ya kutilia mafuta ya taa. Kulimbikiza vitu ni tabia iliyoonewa mno. Acheni leo niisemee.

Wahenga wote wako upande wake. Akiba haiozi, walisema, ingawa hawakuwahi kufunua lile pipa la unga lililo nyuma ya kabati. Usitupe mbachao kwa msala upitao: mjomba ametii, mbachao anao na msala ulipopita akaudaka nao. Na ile ya mtaka cha mvunguni sharti ainame, hapo amewapita wahenga wenyewe. Vya mvunguni vimeshapanda kitandani kwa miguu yao, hakuna tena haja ya kuinama.

Karibu sebuleni. Utapita ubavu-ubavu kama kaa, na hayo ni mazoezi ambayo wenzetu wa Masaki wanalipia. Kulia kuna TV za chogo tatu zimebebana. Matangazo ya analojia Dar es Salaam yalizimwa tarehe 31 Desemba 2012, lakini mjomba anasema serikali ni watu, na watu hubadili mawazo. Juu ya TV ya juu kuna kopo la maziwa ya unga limejaa chaja za pini ndogo, kila moja imefungwa mpira na kubandikwa kikaratasi chenye mwandiko wake mzuri wa shule ya zamani: “nzima”, “nzima kidogo”, “ya marehemu”. Simu zenyewe hazipo. Nyuma ya mlango kuna rambo ndani ya rambo ndani ya rambo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo mtoto anayetaka kujua rambo la nyama lilinukaje aletwe hapa. Hakuna kiingilio.

Kwa ukarimu, nyumba hii haina mfano. Mende na panya sitawataja, hao ni wenyeji. Mgeni wa heshima ni mbu aitwaye Aedes. Huyu si mwenzake wa malaria anayevizia usiku. Yeye anauma mchana kweupe, wala hahitaji dimbwi. Kopo lenye maji ya mvua linamtosha, tairi bovu kwake ni ghorofa. Hutaga kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai yake huweza kukaa makavu miezi kadhaa yakisubiri mvua. Naye anajua kwamba akiba haiozi. Homa ya dengi ilipoisumbua Dar es Salaam mwaka 2014, na tena 2019, wananchi waliambiwa wamwage maji yaliyotuama na kuondoa makopo na matairi. Mjomba alilisikiliza tangazo kwa adabu zote, kisha akayaingiza matairi ndani yasinyeshewe. Mbu alikosa maji, hilo tusimnyime mjomba. Mkaza mjomba naye alikosa jiko.

Tangu hapo anapikia kibarazani, na masika anapikia kwa jirani. Posa ya binti yao nayo ilipokelewa kwa jirani huyo huyo, kwa kuwa sebuleni hapakuwa na pa kuwakalisha washenga. Sasa niambieni, ni tabia gani nyingine inayojenga ujirani namna hii? Watoto wamefundishwa kujitegemea: waliondoka nyumbani mapema, na wakija siku ya Idi wanaamkia dirishani. “Shikamoo, baba!” Marahaba inawajia kutoka mahali fulani nyuma ya magodoro.

Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliiandika tabia hii kwenye mwongozo wao kama ugonjwa unaojitegemea, na Shirika la Afya Duniani likafuata. Dalili, wanasema, ni mtu kushindwa kuachana na kitu hata kama hakina thamani, mpaka vyumba vinakoma kufanya kazi ya vyumba. Mjomba ana jibu lake. Mwanzoni mwa miaka ya themanini, sabuni ilipoadimika, aliona mama yake akifulia majani ya mpapai. Mwaka 1983 ukaja msako wa wahujumu uchumi, na wenye bidhaa majumbani wakawa wanazitupa vichakani usiku kwa hofu. Sabuni, anasema, mche mzima, umetupwa! Hapo huwa simcheki.

Mabingwa wa fani hii, hata hivyo, walikuwa Harlem, New York: ndugu wawili, Homer na Langley Collyer, katika jumba lao la Fifth Avenue. Homer alipopofuka, Langley alianza kumwekea magazeti, ili macho yakirudi asipitwe na habari. Undugu gani unazidi huo? Machi 1947 polisi waliingia kwa dirisha la ghorofani, wakamkuta Homer amekufa. Langley walimtafuta zaidi ya wiki mbili, kumbe alikuwa hatua chache tu kutoka kwa kaka yake, amefukiwa na mzigo alioutegesha mwenyewe kuwanasa wezi. Yeye ndiye aliyetangulia kufa. Kipofu akabaki bila wa kumlisha. Zaidi ya tani 100 za vitu zilitolewa, zikiwemo piano 14, na jumba likabomolewa.

Nilimsimulia mjomba kisa hiki chote, polepole, kwa matumaini. Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

“Mjomba,” akaniuliza, “na hizo piano alizichukua nani?”