Chuo cha Kupotelea na Chuo cha Kuumbukia

Kiswahili kilishapiga kura yake zamani. Kilisema hiki ni chuo na kile ni chuo kikuu, basi mzazi wa Mbeya au wa Malindi akaona hana la kuuliza tena: kwa nini ampeleke mtoto kwenye kisicho kikuu, na nauli ya ndege ni ile ile? Ndiyo maana kijana aliyepokewa na chuo kidogo cha Marekani, chenye wanafunzi 1,700 badala ya 50,000, huanza kutaabika kabla hata ya kuomba viza. Taabu yenyewe ni kukieleza. Akilifasiri jina la aina hiyo ya chuo neno kwa neno, atapata chuo cha sanaa huria, na ukoo mzima utaelewa kwamba anakwenda kujifunza ngoma kama wale wa Bagamoyo, ila kwa masafa, kama wale wa Chuo Kikuu Huria. Akikata maneno na kusema tu kwamba atakuwa chuoni, ajihadhari na jamaa zake wa Unguja, ambako Chuo cha Mafunzo ni jela. Kumbe kinachosemwa si ngoma wala kifungo. Ni mahali panapofundishwa shahada ya kwanza na pengine hakuna kingine, ambapo mwanafizikia husukumwa, kwa lazima au kwa maneno matamu, aonje falsafa, profesa mwenyewe ndiye anayeshika chaki, na darasa la watu 15 halimshangazi mtu.

Watu wakibishana juu ya vyuo vikubwa na vidogo hubishania jina, ada na maabara. Husahau kitu kinachokula siku nyingi za mwanafunzi kuliko maabara zote: vijibalaa. Hakuna aliyekaa miaka minne ughaibuni asichelewe, asipotee, asijifungie nje ya chumba chake akiwa na taulo tu, asifue shati jeupe pamoja na soksi nyekundu. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kipi kina jina, ningeuliza: siku mambo yakikuharibikia, nani atajua? Katika chuo kikubwa hajui mtu. Katika kidogo wanajua wote, na mpishi pia. Msimamo wangu ni kwamba kwa kijana wa miaka 19 anayetoka mbali, hilo la pili lina nafuu, pamoja na aibu yake yote.

Tuanze na ukubwa wenyewe, maana sisi tukisema kikubwa huwa hatujaona. Uwanja wa mpira wa Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor, una nafasi za watu 107,601. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua 60,000. Yaani siku ya Simba na Yanga, mashabiki wote wa pale Temeke wangeingia Ann Arbor, ukawaongeza na waliojaza Kirumba ya Mwanza, na bado mwuza karanga angepata njia ya kupita. Huo ni uwanja wa wanafunzi. Chuo cha namna hiyo kina mabasi yake, na basi likikuacha kwenye baridi ya Januari, somo nalo limekuacha. Kina kumbi za mihadhara zenye viti mamia, na hapo ndipo kijibalaa kinapopata makazi ya kudumu. Mtu anaweza kuingia ukumbi usio wake, akakaa saa nzima akinakili kemia huku akidhani ni utangulizi wa somo la uchumi, na asitokee wa kumuuliza. Anaweza kurudi tena Jumatano. Anaweza, na hapa kicheko kinapungua, kuacha kwenda kabisa, akalala wiki tatu kwa upweke, na mhadhiri akaendelea kuonyesha slaidi zake bila kugundua kwamba safu ya 24 imepungua mtu mmoja.

Sasa uje Grinnell, katika jimbo la Iowa. Ni chuo cha wanafunzi 1,700 hivi, katika mji mdogo uliozungukwa na mahindi. Kijana wa Songea aliyesoma usiku na mchana ili asishike jembe, akashuka kwenye gari na kukuta mahindi upeo wa macho, ana haki ya kuuliza kama tiketi haikukosewa. Lakini chuo hicho kina jambo moja ambalo ningependa wazazi walijue kuliko wanavyojua majina ya vyuo vya kwenye filamu. Somo la lazima kwa wote ni moja tu, semina ndogo ya mwaka wa kwanza, na anayekufundisha semina hiyo ndiye anayekuwa mshauri wako mpaka utakapochagua fani. Kwa lugha ya nyumbani, umepewa mjomba. Na mjomba, kama tunavyojua, ni baraka yenye macho. Chukua asubuhi ambayo mwanafunzi amemwandikia profesa kwamba homa imemlaza. Saa sita na nusu yuko kwenye foleni ya bwalo, sahani yake ina mapaja matatu ya kuku, anageuka kutafuta pilipili, na nyuma yake, ameshika bakuli la majani, amesimama profesa. Angemgombeza, mambo yangekwisha. Lakini anamtakia afya njema, kwa moyo wake wote, na jioni anatuma barua pepe kuuliza kama homa imeshuka. Hakuna adhabu ya bakora iliyowahi kumwamsha mtu mapema kesho yake kama barua hiyo.

Wapo watakaosema kwamba huko ni kulelewa, na mtu mzima hapaswi kuchungwa. Ningewaunga mkono kama wanafunzi wangekuwa wanajificha kwa sababu ni watu wazima. Wengi hujificha kwa sababu hawajui waulize nini. Kijana wetu aliyefundishwa tangu darasa la kwanza kwamba kumuuliza mwalimu swali ni kumpinga, akiwekwa kwenye ukumbi wa watu 400, atakaa kimya kwa adabu zake zote hadi afeli kwa adabu. Mezani penye watu 12 ukimya una sauti. Mtu atamgeukia amwulize anaonaje, na atalazimika kuona kitu.

Pingamizi zito zaidi linatoka Kogelo. Barack Obama mkubwa alifika Chuo Kikuu cha Hawaii, chuo cha umma, mwaka 1959, akamaliza 1962, kisha akaenda Harvard. Chuoni hakupewa mjomba. Ni kweli, ila alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika pale. Mtu akiwa peke yake wa aina yake, chuo kizima humgeukia kijiji, na akikosa darasani pengo linaonekana kutoka barabarani. Leo mgeni kwenye chuo kikubwa ni mmoja wa maelfu ya wageni. Mwanawe, yule aliyekuja kuwa rais, alianza kinyume: mwaka 1979 aliingia Occidental, chuo kidogo cha Los Angeles, na baada ya miaka miwili akahamia Columbia, New York. Wanaoupinga udogo hupenda kuushika mfano huo, kwamba aliona pamembana. Mimi nauona ukinisaidia. Kidogo kilimbana alipokuwa ameshajua anataka nini, na suruali haimbani asiyekua.

Na wanaosema udogo hauna maabara ya kumtoa mtu ningewapeleka Atchison, Kansas. Wangari Maathai alifika huko mwaka 1960, katika ule mpango wa kuwasafirisha vijana wa Kenya kwenda Marekani uliosukumwa na Tom Mboya, akaingia chuo cha masista wa Kibenediktini, Mount St. Scholastica. Alisoma biolojia, pamoja na kemia na Kijerumani, na kuhitimu 1964. Hapo ndipo akaenda kwenye ukubwa, Chuo Kikuu cha Pittsburgh, kwa shahada ya uzamili. Uzamivu aliupatia Nairobi mwaka 1971, na Nobeli ikaja 2004. Mfuatano huo naupenda: kwanza mahali ambapo sista anajua kama umekula, halafu mahali penye darubini kubwa. Mlimani yenyewe, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako leo mtu hupotea kati ya ukumbi wa Nkrumah na maktaba, ilianza 1961 katika jengo la TANU pale Lumumba, ikiwa na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Sijasikia wahitimu wale wakilalamika kwamba walikuwa wachache.

Nakubali kuwa chuo kikubwa kina vitu ambavyo kidogo hakiwezi kuviota. Pale Wisconsin, Madison, idara iliyoanza 1964 ikiwa ya lugha na fasihi za Afrika bado ipo, kwa jina jingine, na Kiswahili kinafundishwa, na chuo kina kiwanda chake cha maziwa kinachotengeneza aisikrimu. Mwanafunzi anayetaka Kiswahili na aisikrimu mahali pamoja asinisikilize hata kidogo.

Imebaki pesa, na hapa neno umma limewahadaa wengi wetu. Sisi tukisikia chuo cha umma tunasikia ada nafuu. Umma unaosemwa Michigan ni umma wa Michigan. Hata jirani wa Ohio ni mgeni, na mgeni hulipa ada zaidi ya mara tatu ya mwenyeji. Vyuo vidogo binafsi hutangaza gharama zinazopita dola 80,000 kwa mwaka, tarakimu ya kumfanya baba avue miwani aifute. Lakini baadhi yao, Amherst ikiwamo, hawatazami mfuko wa mwombaji wanapoamua kumpokea, hata akitoka nje, na wakimpokea humjazia pengo. Mlango wao ni tundu la sindano, hilo sibishi.

Kwa asiyetaka kabisa kusikia habari za ada, kiko Deep Springs, katika jangwa la California, kilichoanzishwa mwaka 1917. Hakitozi ada. Wanafunzi wake wote wangeenea kwenye Coaster moja. Husoma miaka miwili huku wakifanya kazi kwenye shamba la mifugo, kisha wengi huhamia vyuo vikubwa. Mzazi atauliza kama amemsomesha mtoto hadi kidato cha sita ili akachunge ng'ombe wa Wazungu, na ni swali la haki. Ng'ombe wale hukamuliwa alfajiri, kwa zamu. Asipokamuliwa analia, na bonde zima linajua ni zamu ya nani.