Kiingilio cha Ambao Hawajazaliwa

Kwa mujibu wa kompyuta, wakulima wote wa mahindi wa kikundi chetu, nje kidogo ya Sumbawanga, walikuwa hawajazaliwa.

Fomu ya kuwaandikisha ilijengwa kwa Django, fremuweki iliyoanzia kwenye chumba cha habari cha gazeti la mji wa Lawrence, Kansas, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Kwa ajili ya tarehe inayo wijeti ya orodha tatu: siku, mwezi, mwaka. Mwandika programu asipoitajia miaka, yenyewe huanza na mwaka huu na kuongeza tisa ijayo. Nadhani ni damu ya gazeti: tamasha lijalo, uchaguzi ujao. Kwa tarehe ya kuzaliwa, ni kasheshe.

Mzee wa kwanza alikuwa amefunga koti hadi kidevuni, maana Julai ya Ufipa haina mzaha. Akaikagua orodha juu hadi chini.

“Mwanangu, kiingilio nalipa sasa au nikishazaliwa?”

Kuipa wijeti miaka kuanzia 1920 ni mstari mmoja tu wa msimbo. Kazi ilikuwa kumpata mzee ndani ya miaka hiyo. Uhuru ulipokuja, 1961, alikuwa tayari anachunga ng'ombe. Tukahesabu kurudi nyuma, tukabishana kidogo kuhusu umri wa mtoto wa kuachiwa ng'ombe, tukatua 1953. Mwezi? “Ulezi ulikuwa unavunwa.” Siku? Akaniangalia kama niliyemuuliza jina la mkunga wa babu yake. Bahati nzuri, sehemu ikiwa ya lazima kujazwa, orodha hufunguka ikiwa imeshasimama kwenye Januari 1, na hapo mashine na wazee wetu walielewana bila mkalimani. Karibu kikundi kizima kimezaliwa siku moja, isipokuwa Mama Katibu, ambaye ana cheti cha ubatizo.

Simu nayo ikitangazwa kuwa namba, sifuri ya mwanzo humezwa. Ibaki maandishi, nani aliwahi kujumlisha namba za simu?

Ikaja ekari. Mzee akasema mbili na nusu. Kisanduku cha namba, kisipoelekezwa vingine, hupanda hatua moja moja. Kivinjari kikakataa, kikadai thamani halali zilizo karibu ni 2 na 3. Nikamtafsiria.

“Weka tatu,” akasema haraka. “Jirani nitamwambia kompyuta ndiyo imepima.”