Nyumba Yetu Haina Panya

Mama mkwe alipitisha kidole kwenye ukingo wa mlango wa kabati, akakirudisha, akakitazama ncha. Halafu akanigeukia kwa ule upole wake unaouma kuliko kofi.

"Baba, kumbe mna panya?"

Hatuna panya. Tuna mimi. Lakini utamwambiaje mama aliyepanda basi Tukuyu na mikungu miwili ya ndizi, akashuka Tunduma kiuno kikimuuma, kuja kuona kabati ambalo binti yake amelisifia kwenye simu wiki nzima kwamba "mume wangu kalichonga mwenyewe"? Nikasema, "Walikuwepo, mama. Tumeshawatega." Mke wangu akaenda jikoni ghafla kuangalia chai ambayo hata haijabandikwa.

Hiyo ilikuwa Jumapili, na masikio bado yananiwaka.

Kabati ni la vyombo. Nilinunua chipbodi nyeupe ya futi nane kwa nne, unene milimita 18, imevishwa melamini pande zote, inang'aa kama meno ya mgombea udiwani. Nikaileta Sogea kwa guta, mimi nimeikumbatia kwa nyuma, upepo nao ukiitaka. Msumeno ninao, wa umeme, wa kushika mkononi. Kwa heshima ya ubao huo nikaamua kununua bledi mpya.

"Hii inakata chipbodi?" nilimuuliza muuzaji.

"Bosi, hii inakata kila kitu. Hata msumari."

Mtu mwenye akili angekimbia hapo hapo. Mimi nikaomba risiti.

Nyumbani nikalaza ubao kwenye stuli mbili, uso mzuri juu ili niuone vizuri, nikapiga mstari wa penseli, nikawasha. Sauti ilikuwa tamu. Jirani akachungulia ukutani, nikamnyanyulia kidole gumba. Nilipofika mwisho na kupuliza vumbi, mstari wote ulikuwa vidonda: melamini imeruka vipande vipande kama ganda la yai, na ndani yake kahawia ya chenga imetokeza. Nikaugeuza. Upande wa chini, ule ambao ungetazama ukuta maisha yake yote, ulikuwa umenyooka kama umepitiwa na wembe.

Nikachukua kipande mpaka kwa mzee mmoja mwenye karakana.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kimeng'atwa na nini?" Alikuwa anaongea na kipande. "Uso mzuri uliulaza wapi?"

"Juu."

Akanyamaza. Kisha akawaita vijana wake wanne waache kazi. "Njooni mumwone. Aliulaza juu."

Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu tangu siku hiyo silali vizuri. Jino la msumeno wa mkono haliji kutoka juu kama shoka. Bledi inazunguka, jino linaingilia chini ya ubao na kutokea juu. Linapoingia, melamini ina mwili mzima wa ubao nyuma yake wa kuegemea, kwa hiyo inakatika kwa adabu. Linapotoka, mbele yake kuna hewa tupu. Hakuna cha kuishika ile ngozi, basi inabanduliwa na kurushwa. Ni kama mwizi aliyeingia kwa ufunguo akatokea kwa kupasua bati. Ndiyo maana mwenye msumeno wa mkono hulaza uso mzuri chini. Msumeno wa meza ni kinyume: jino linashuka, na uso mzuri unakaa juu. Kitu chenyewe ni hicho tu. Nimeishi miaka yote hii bila kukijua, na nina watoto.

Melamini yenyewe ni karatasi iliyoloweshwa utomvu ikakandamizwa kwa joto mpaka ikawa ngumu na kavu, ndugu wa damu wa zile sahani ambazo mama mkwe alituletea siku ya harusi. Jaribu kukata sahani kwa msumeno. Na chini ya hiyo sahani hakuna mbao mnayoijua. Mninga una nyuzi, zimeshikana tangu mti ukiwa mche. Chipbodi haina ukoo: ni chenga za miti tofauti zilizokutanishwa na gundi. Ilibuniwa miaka ya 1930 na rubani wa Kijerumani, Max Himmelheber, aliyekerwa kuona sehemu kubwa ya mti inapotelea kwenye maranda na vumbi. Nia yake ilikuwa njema. Ila gundi hiyo ikishaganda ni kali, inakula makali ya chuma cha kawaida kwa siku chache. Kwa hiyo kila jino la bledi nzuri limechomelewa kigae kidogo cha tangsteni kabaidi, kitu ambacho Wajerumani walipoanza kukiuza miaka ya 1920 walikiita Widia, kifupi cha maneno yao ya "kama almasi".

Kisha kuna hesabu. Bledi yangu ilikuwa na meno 24. Ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno 2,000 yanapita mstarini kila sekunde, nami nilidhani ni mengi. Ya meno 60 inapitisha 5,000 kwa sekunde hiyohiyo, na kwa mwendo uleule kila jino linang'ata chini ya nusu ya lile langu. Halafu yale meno yamegawana kazi. Jino moja limepunguzwa pembe zote mbili, linatangulia kuchimba katikati. Linalolifuata ni bapa, linasafisha kingo. Tena kwenye bledi za melamini mara nyingi meno hayo yameegemea nyuma kidogo, yanakwangua. Yangu yaliinamia mbele kama mtu mwenye njaa kwenye sinia la pilau.

Mzee alinionyesha pia mashine yake ya meza ya kuteleza, uzao wa ile aliyobuni Wilhelm Altendorf mwaka 1906. Mbele ya bledi kubwa kuna kibledi kidogo kinachozunguka kinyume, kinachora mfereji wa milimita moja au mbili kwenye ngozi ya chini kabla mkubwa hajafika. Ngozi imeshakatwa, mkubwa akitokea hana cha kurarua. Nilisimama pale nikatazama mikato sita. Kijana mmoja aliniletea kiti.

Sisi watu wa Songwe tulipaswa kuyajua haya. Kimondo kimelala pale Ndolezi, Mbozi, chuma na nikeli, na mwaka 1930 mwanajiolojia alikaa nacho saa 10 na msumeno wa chuma ili apate kipande cha sentimita 10 hivi. Yule angalau alijua anakata nini.

Nikarudi dukani. Sikudai pesa, nilitaka tu kubadilishiwa na kuongeza juu. Muuzaji akaniwekea kidole kwenye risiti, chini kabisa: mali ikiuzwa haipokelewi tena. Nikauliza ya meno 60. Hana. Duka la pili hawana, la tatu wakanipa ileile ya kwangu kwenye boksi la rangi nyingine. Na nje ya duka malori yamepanga foleni kuelekea mpakani. Shaba ya Zambia na Kongo inashuka Dar es Salaam, makontena yanapanda Lubumbashi, na tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe mwaka 2019 tunaambiwa mambo yanapita haraka zaidi. Yanapita, kweli. Naamini kabisa bledi yangu ya meno 60 hupita mbele ya nyumba yangu kila wiki, imefungwa lakiri. Sisi tunabakiziwa vumbi, honi, na maboksi yaliyoandikwa kwamba yanakata kila kitu.

Mimi nimeaibika mbele ya mama mkwe, basi. Lakini yuko kijana amemaliza ufundi, amekopa mtaji, ananunua bledi hiyohiyo kwa muuzaji huyohuyo. Mteja anapitisha kidole ukingoni, anamwita fundi Maiko, anakata nusu ya malipo. Nani atamrudishia hiyo nusu? Yule aliyechapa boksi hajawahi kufika Tunduma.

Mlango wa pili niliukata uso chini, juu ya mstari nimebandika utepe wa karatasi na kuuchora kwa kisu; ukatoka safi, ila ni mfupi kwa sentimita mbili. Bawaba nilizifunga kushoto. Ule utepe wa kuficha ukingo niliubandika kwa pasi ya mke wangu, na kuhusu kitenge kilichofuata baada ya hapo tumekubaliana tusiongee.

Jana jioni kondakta wa basi la Tukuyu alinipigia. "Kaka, njoo stendi uchukue mzigo wako haraka. Unalia."

Ulikuwa kwenye tenga, umefungwa kwa kamba ya mgomba. Sasa hivi umelala ndani ya kabati, juu ya sahani za harusi. Ameupitia ule mlango mfupi, kwenye zile sentimita mbili.