Kifungu cha Saba

Ua wa nyumba mtaani Magarama, Gitega, saa nne za usiku. Umeme umekatika. Mbele ni nyumba kubwa ya Bosi; nyuma ni vyumba viwili vya aneksi, ambamo mtumishi wa wizara aliyehamishwa kutoka Muyinga ameingia juzi na mke, watoto wawili, yaya, magunia, na kikapu kilichofunikwa kitenge. Kikapu sasa ni kitupu.

KOMANDA (mbwa, kafungwa mnyororo getini): Simama hapo hapo! Nani huyo?

PUSI (paka, juu ya ukuta): Ni mimi, kaka Komanda. Hii ni hodi ya tatu napiga.

KOMANDA: Hodi hupigwa getini, bibiye, haipigwi ukutani. Na leo kaye ya nyumba, daftari la wakazi, imesomwa mbele ya nyumbakumi, nimesikia kwa masikio yangu: baba, mama, watoto wawili, yaya. Paka hayumo.

PUSI: Na wewe umo?

KOMANDA: Mimi ni ulinzi.

PUSI: Nimeuliza kama umeandikwa.

KOMANDA: Ulinzi hauandikwi. Lakini wewe umeandikwa, tena vizuri. Mkataba, kifungu cha saba: mpangaji haruhusiwi kufuga mnyama wa aina yoyote. Bwana wako kaweka saini chini.

MBUZI (kutoka bandani): Wa aina yoyote! Na mimi humu ndani ni mboga ya lenga-lenga?

KOMANDA: Mama Mbuzi, wewe ni mali ya Bosi. Kifungu kinasema mpangaji.

MBUZI: Alaa. Kumbe unyama hauko kwenye kwato, uko kwenye saini.

KOMANDA: Msinichokoze, nina kazi. Zamu, yule mlinzi, kaachishwa kazi mwezi uliopita, zamu zake zote nimeachiwa mimi. Mshahara wake sijauona.

PUSI: Pole, kaka. Lakini nieleze, maana mimi ni mgeni. Bosi wako anatuchukia tangu lini?

KOMANDA: Hachukii mtu. Ni cheo. Zamani vyumba hivi walipanga walimu na mafundi cherehani. Kila mtu alikuja na kuku wake. Desemba 2018 Rais Nkurunziza akatangaza kwamba Gitega ndiyo makao makuu ya siasa, Januari 2019 Bunge likapitisha. Wiki hiyo hiyo Bosi akapaka ukuta rangi na kuagiza geti la chuma. Hata mimi nikabadilishwa jina. Nilikuwa naitwa Bobi.

PUSI: Bobi lilikufaa.

KOMANDA: Bobi hawezi kulinda mtu wa wizara! Sasa wapangaji ndio wanaotafuta nyumba, komisiyoneri, dalali wa nyumba, anawapitisha hapa kama watalii. Mwenye nyumba asiye na masharti watu watasema nyumba yake inavuja.

PUSI: Kwetu Muyinga, mtaa wa Waswahili, mwenye nyumba alikuwa Bibi, analala chumba cha kwanza, sisi cha tatu. Mkataba ulikuwa mdomoni. Siku tuliyohamia aliuliza mambo mawili tu: kodi mtaleta tarehe ngapi, na paka mnaye? Kusikia tunaye, akamshukuru Mungu. Stoo yake ilijaa maharage na mchele uliovushwa mpakani Kobero, na panya walikuwa wamehamia humo bila komisiyoneri. Vichwa vya ndagala alinitupia kwa mkono wake mwenyewe. Alisema kuna sahaba wa Mtume aliyeitwa Abu Huraira kwa ajili ya paka wake, kwa hiyo atakayemfukuza paka akajieleze mbele ya haki.

KOMANDA: Na mbwa? Kuna sahaba aliyeitwa kwa ajili ya mbwa?

PUSI: Hayo tuyaache, kaka.

KOMANDA: Tusiyaache!

PUSI: Basi nitasema. Kijana wa chumba cha tano alileta mbwa. Bibi akampa siku moja achague, mbwa au chumba. Kijana akachagua chumba.

KOMANDA: Unaona! Naye alikuwa na kifungu cha saba!

PUSI: Alikuwa nacho, ila hakukiandika. Alifungua mlango kwa anayemfaa, akaufunga kwa asiyemfaa. Sikatai. Ila hakuniambia kwamba ni kwa ajili ya usafi.

KOMANDA: Lakini uchafu upo, tusidanganyane. Mpangaji wa mwaka juzi alifuga sungura chumbani, mkojo ukaingia mpaka kwenye saruji. Akahama usiku. Garanti, ile amana aliyoweka, haikutosha hata kununua rangi. Halafu viroboto! Halafu jirani anasikia mtoto kaumwa na mnyama, anaanza kuuliza habari za kichaa cha mbwa. Bosi ndiye anayeitwa na shefu wa mtaa, mpangaji haitwi.

PUSI: Hapo umesema kweli, nakubali. Wewe umechanjwa lini?

KOMANDA: ...Bosi amesema mwakani.

MBUZI: Alisema hivyo mwaka jana, nilikuwepo.

KOMANDA: Mama Mbuzi, wewe unakula bure humu, ungenyamaza.

MBUZI: Mimi niko humu kisheria, mwanangu. Sheria ya tarehe 4 Oktoba 2018: mifugo ikae zizini muda wote, kuku na bata nao marufuku kuzurura. Watu wakapewa miaka mitatu ya kujiandaa. Oktoba 2021 ikaanza kuuma. Sheria yenyewe siisemi vibaya. Tulikuwa tunamaliza mashamba ya watu, vilima vinabaki upara, mvua ikija inashuka na udongo wote. Sasa majani naletewa, samadi inakusanywa, migomba inashiba. Lakini piga hesabu. Serikali imesema mnyama akae kwa mwenyewe. Mwenye nyumba amesema mnyama asikae kwake. Mtu aliyepanga chumba, mwenye mbuzi mmoja wa kulipia watoto shule, amfunge wapi? Kwenye kitanda?

KOMANDA: Amuuze.

MBUZI: Ndivyo nilivyofika hapa.

KOMANDA: Vipi?

MBUZI: Wewe ulikuwa bado Bobi, hukuwa unasikiliza. Nilikuwa mbuzi wa mwalimu, chumba hicho hicho alicholala huyu binti wa Muyinga. Kila siku Bosi alikuja kulalamika: nanuka, napiga kelele alfajiri, nafunga njia. Mwalimu akashindwa. Soko lilikuwa mbali, muda hakupewa, akaniuza kwa mtu wa karibu kwa bei ya haraka. Mtu wa karibu alikuwa Bosi. Tangu jioni ile sijanuka tena.

(Kimya. Kitu kinakwaruza darini.)

PANYA: Msamaha waheshimiwa, nimesikia neno sheria.

PUSI: Nani huyo?

PANYA: Mkazi wa dari, mama. Nisipunguze heshima kwa kushuka, nitaongea nikiwa huku huku. Kabla ya mwalimu, chumba hicho alipanga mwanasheria, na mimi nimevila vitabu vyake vyote. Kule Ufaransa kuna sheria ya tarehe 9 Julai 1970, kifungu cha 10. Mkataba wa nyumba ukimkataza mpangaji kufuga mnyama wa nyumbani, sharti hilo huhesabiwa kama halikuandikwa kabisa, ilimradi mnyama haharibu nyumba wala hasumbui majirani. Ila mbwa wakali wa aina fulani wanaweza kukataliwa.

KOMANDA: Wakali kama nani?

PUSI: Usijali, Bobi.

MBUZI: Sasa mbona mkataba wetu umeandikwa kwa Kifaransa tangu juu mpaka chini, na hicho kifungu cha 10 hakimo? Walikisahau?

PANYA: Hawakukisahau. Ukurasa ule ulikuwa mtamu.

PUSI: Umeila haki yangu?

PANYA: Nimeila ya Wafaransa, ya Burundi sikuikuta kabatini. Na msimamo wangu nauweka wazi: mimi namuunga mkono Bosi. Kifungu cha saba ni kifungu chenye busara kuliko vyote. Humu darini tumekisoma na watoto.

MBUZI: Ndiyo maana stoo ya Bosi inanuka, na mwalimu akaambiwa ni mimi.

PANYA: Sina la kusema mbele ya mahakama isiyo na mamlaka.

PUSI: Dunia ina vituko. Upande wetu wa Muyinga mbuga ya Ruvubu inapita, na ilipoanzishwa mwaka 1980 waliohamishwa ni watu, ili nyati wapate pa kulala.

KOMANDA: Nyati walitoa garanti?

MBUZI: Nyati wana watalii. Ukiwa na watalii huombwi garanti.

KOMANDA (anashusha sauti): Jamani, kuna jambo nilikuwa nimelificha. Jioni Bosi aliongea kwa simu na komisiyoneri, hapa hapa getini. Habari za kikapu anazo tangu juzi. Amesema paka atakaa.

PUSI: Atakaa?

KOMANDA: Bwana wako akiongeza garanti ya mwezi mmoja. Kwa ajili ya uchafu.

MBUZI: Na hiyo garanti ya uchafu itarudishwa siku paka atakapohama akiwa msafi?

KOMANDA: Mama Mbuzi, umewahi kuona garanti ikirudi?

PUSI: Kwa hiyo kifungu cha saba hakikuwa katazo. Kilikuwa bei, ila walisahau kuandika kiasi.

PANYA: Napinga! Napinga kwa nguvu zote! Ukoo wangu umekaa dari hii tangu mabati yalipoezekwa. Hatujawahi kudai umeme wala maji, hatujaomba risiti, hatujalalamika kodi ikipanda. Hakuna wapangaji watulivu kuliko sisi! Leo analetwa mgeni na kikapu? Nakata rufaa!

PUSI: Shuka basi, mzee wangu. Rufaa husikilizwa chini.

PANYA: Nitaileta kwa maandishi.

MBUZI: Maandishi gani, na yote umeyala?