Sifa za Umande

Wapiga picha za nyota ni watu wa kusifu vyombo. Kaa nao dakika 10 tu, utasikia habari za lenzi inayomeza mwanga kama kisima, za mtambo unaozunguka kuzifuata nyota, za kamera isiyotoa chenga gizani. Sijamsikia hata mmoja akiusifu umande. Nimeona deni hilo nililipe mimi, maana katika yote ninayokutana nayo shambani usiku, umande peke yake haujawahi kunigharimu senti wala kuniishia chaji, na miadi yetu haujaivunja hata mara moja.

Tena una heshima zake, hauji usiku wa ovyo ovyo. Wingu likitanda hauonekani. Upepo ukivuma unaahirisha safari. Unangoja usiku ule ule unaoungoja wewe: wingu halipo, hewa imetulia, Njia Nyeupe imekatiza utosini. Watu hukesha wakisoma utabiri wa hali ya hewa kwenye simu. Mimi hugusa bati la banda. Likilowa, najua anga li safi.

Adabu zake nilijifunzia Pangani, mwezi wa Julai, kwenye shamba la bibi mmoja aliyenikaribisha nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa na kamera ya mtumba, lenzi ya milimita 24 na stendi ya miguu mitatu. Mtambo wa kufuata nyota sina, kwa hiyo nilikuwa nafungua kamera kwa sekunde 20 tu. Dunia inageuka nyuzi 15 kila saa, na ukizidisha hapo nyota zinakuwa vijiti. Picha za mwanzo zilinipa kiburi. Nyota zilikuwa ncha za sindano, na mkia wa kundinyota la Nge ukahesabika pingili kwa pingili.

Baada ya saa moja zikaanza kuota manyoya. Nikaituhumu fokasi, nikairudia. Nikaituhumu stendi, nikaining'inizia ndoo ya mchanga. Betri nayo nikaibadilisha, ingawa haikuwa na kosa lolote. Mwisho nikaihukumu lenzi yenyewe. Nilikuwa nimeshaanza kutunga kichwani tangazo la kuiuza, na kuhesabu ningeongeza ngapi nipate nyingine, bibi alipotoka amejitanda kanga.

"Mjukuu wangu, hicho kioo chako mbona kimelowa?"

"Hakijalowa, bibi. Mvua haijanyesha."

"Na hii mihogo, imenyeshewa na nani?"

Nikawasha tochi. Lenzi ilikuwa nyeupe kama jicho la samaki aliyechemshwa. Umande ulikuwa umekaa pale muda wote, kimya, unanitazama nikiwafungulia kesi mashahidi wasiohusika. Niambieni ni mwalimu gani mwingine mwenye subira hiyo.

Basi nikautafuta ukoo wake. Kuna daktari mmoja wa London, William Charles Wells, aliyekuwa akitoka kwenda bustanini usiku na vishungi vya sufu, anavipima uzito kabla na baada ya kuviacha nje. Kilichowekwa juu ya ubao ulioinuliwa kilikunywa umande mwingi kuliko kilichofichwa chini ya ubao huo. Mwaka 1814 akaandika kitabu kizima juu ya jambo hilo: kitu kinachotazama anga tupu hutoa joto lake kwenda juu bila kurudishiwa, kinapoa kuliko hewa inayokizunguka, na unyevu wa hewa hiyo unatua juu yake. Wingu lingekuwapo lingelirudisha joto kidogo. Na lenzi inayotazama nyota kazi yake ni hiyo hiyo moja, kulitazama anga tupu usiku kucha. Ndiyo maana kofia ndefu ya lenzi inasaidia. Ni ubao wa Wells uliokunjwa kuwa mduara.

Na haki! Serikali nyingi zingejifunza kodi kwa umande. Rafiki yangu ana darubini ya bei mbaya, ya aina yenye kioo kipana mdomoni. Hutozwa mapema, mara nyingi kabla hajamaliza kufunga nyaya. Jirani yake aliyejitengenezea darubini ya bomba, kioo kikiwa chini kabisa kama maji ya kisima, husamehewa karibu mpaka alfajiri.

Wasioupenda hununua mkanda wa joto, wakaufunga shingoni mwa lenzi na kuuchomeka kwenye pawabenki. Unafanya kazi, sikatai. Kioo kikizidi joto la hewa kwa nyuzi moja au mbili, inatosha. Usiku ule sikuwa nao. Bibi alikaanga mchele mkavu kidogo jikoni, tukaumimina ndani ya soksi, nikaivisha lenzi skafu. Tuliupasha tena mara 3, na kila mara aliuliza kama mchele huo utarudi chunguni. Kufuta kwa shati nilikatazwa, na alikatazia usafi wa shati, lakini alikuwa sahihi hata kwa lenzi: vumbi hukwaruza kioo, na umande hurudi kabla hujalichomekea tena.

Ukarimu wake nimeubakiza mwisho. Wapo wanaonunua kioo cha ukungu kwa makusudi, wakiweke mbele ya lenzi ili nyota kubwa zivimbe na rangi zake zionekane. Umande hutoa kioo hicho bure, kwa dakika mbili hivi, kati ya kuanza kutua na kuharibu kila kitu. Katika picha zote za Pangani, ile iliyodakwa kwenye dakika hizo ndiyo inayoombwa. Moyo wa Nge, nyota iitwayo Antares, umevimba humo mwekundu kama kaa la moto. Bibi ameibandika sebuleni, karibu na kalenda. Wageni huambiwa imepigwa kwa mchele wake.