Shati la Bluu Katika Pori la Ndorobo

Kijana wa Dar es Salaam aliingia Sitalike kifua wazi, kitenge cha kuazima mabegani, mgongo umejaa vinundu, anasukuma baiskeli ya gia huku watoto wakimsindikiza. Hakuna aliyemuuliza kimempata nini. Sitalike iko kilomita kama 35 kusini mwa Mpanda, ndipo yalipo makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, na wenyeji wakishaona vinundu vya namna ile wanajua mtu katoka wapi na alivaa nini. Aliyemmaliza ni mama muuza maandazi. "Pole baba," alisema bila kuacha kugeuza maandazi. "Ilikuwa bluu, eh?"

Ilikuwa bluu. Bluu iliyokolea, ya kitambaa chepesi kinachopitisha jasho, na chini yake kaptura nyeusi ya kubana. Dukani alihakikishiwa kwamba rangi ile inaonekana kutoka mbali. Muuzaji hakudanganya.

Anayeiona kutoka mbali ni mbung'o, ambaye wengi huku magharibi wanamwita ndorobo. Katika mapori yenye wadudu hao utakuta vitambaa vimetundikwa kwenye matawi au kusimamishwa kwenye fito, sehemu bluu, sehemu nyeusi, vimelowekwa dawa ya kuua. Mgeni hudhani ni bendera za chama fulani. Ni mitego. Bluu humvuta ndorobo akiwa mbali, na akishakaribia hupenda kutua penye weusi. Kijana wetu alikuwa mtego kamili, tena uliovaliwa kwa mpangilio sahihi. Kilichokosekana ni dawa tu.

Rangi ni nusu ya mambo. Ndorobo hunusa. Hufuata hewa ya ukaa inayotoka puani mwa mnyama, na watafiti waliochunguza pumzi ya ng'ombe walipata humo harufu nyingine anazozipenda, asetoni ikiwemo, wakaanza kutega chupa za harufu hizo kando ya vitambaa. Mtu anayepandisha mlima kwa baiskeli hana haja ya chupa. Halafu kuna mwendo: ndorobo huvutwa na kitu kikubwa kinachotembea, ndiyo maana hulikimbiza gari kama ambavyo angemkimbiza nyati. Gari likikaza mwendo linamwacha. Baiskeli iliyo kwenye mchanga haimwachi hata kobe.

Na uzazi wake! Wakati inzi wengine wanamwaga mayai kwa mamia na kwenda zao, jike la ndorobo hubeba mtoto mmoja tu kwa wakati, humlisha tumboni kwa kitu kinachofanana na maziwa, kisha baada ya siku tisa au kumi hivi huzaa funza aliyekwisha kunenepa, ambaye hujichimbia udongoni papo hapo. Ukilijua hili unaweza hata kumheshimu, ilimradi huna kaptura ya kubana. Uzazi huo wa taratibu ndio uliomponza Unguja. Kule yaliachiwa madume yaliyofanywa tasa kwa mionzi, na kwa kuwa jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani, kufikia mwaka 1997 kisiwa kilikuwa hakina mbung'o. Unguja mtu anaweza kuendesha baiskeli akiwa bluu kuanzia kofia hadi soksi.

Katavi siyo Unguja. Hifadhi yenyewe, iliyotangazwa mwaka 1974 na kupanuliwa mwaka 1998, ina zaidi ya kilomita za mraba 4,000, na kwa sababu ya simba na nyati si mahali pa kujiendea kwa baiskeli. Kijana alilijua hilo, akabaki nje ya mpaka: aliacha lami, akashika kijia cha warina asali kinachopita kwenye miyombo. Kivuli, ndege, upepo kidogo. Wa kwanza akatua begani. Akampiga kofi, na ndorobo, ambaye mwili wake ni bapa na mgumu, akainuka salama, akazunguka, akarudi. Kijana akaongeza kasi. Kuongeza kasi kukamfanya aheme, na kuhema kukaleta wengine. Kitambaa kilichobana mwilini hakikuwazuia hata kidogo. Sindano zao zilipita kama hakipo. Alipoachia usukani ajikune mgongo kwa mikono miwili, gurudumu la mbele likazama mchangani, naye akalala chini na baiskeli juu yake.

Hapo ndipo akatokea mzee kwenye baiskeli ya Phoenix, koti la kaki, madumu mawili ya asali kwenye karia, na nyuma kabisa kopo linaning'inia likifuka moshi wa kinyesi kikavu cha tembo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Vua hilo shati."

Mzee akalitundika kwenye tawi. Ndorobo wakahamia huko, karibu wote. Akafungua kitenge kilichofunika madumu, akampa kijana, wakaondoka: mzee na mzigo wake mbele, kijana nyuma akiwa amebana ndani ya moshi kadiri alivyoweza. Kila penye mwinuko mzee alilazimika kusimama kumngoja.

Mgeni akiumwa anaondoka na hadithi. Mrina asali anarudi kesho. Ndorobo wenye vimelea vya malale ni wachache, na wagonjwa siku hizi ni wachache pia, lakini malale yakishaingia kwenye ubongo, dawa iliyotegemewa Afrika Mashariki ilikuwa melarsoprol ya mwaka 1949, iliyotengenezwa kwa aseniki. Ilidungwa kwenye mshipa, na iliua takriban mmoja kati ya kila wagonjwa ishirini. Vidonge vya feksinidazoli, vilivyojaribiwa kwa wagonjwa wa Malawi na Uganda, vilikubaliwa na wadhibiti wa dawa wa Ulaya kwa malale ya aina ya Afrika Mashariki mwishoni mwa mwaka 2023. Zaidi ya miaka sabini ya aseniki! Dawa ya kuotesha nywele kwa wenye upara haikungojwa hivyo.

Likizo iliyobaki haikuwa na makuu. Viboko wa Mto Katuma, ambao kiangazi husongamana kwenye madimbwi karibu na daraja la Sitalike, walikoroma usiku kucha na kumnyima usingizi. Basi moja lilimpigia honi akaishia mtaroni. Na alipopata pancha mjini Mpanda, fundi wa chini ya mwembe aliiangalia ile vali yake nyembamba ya Kifaransa, akaiangalia pampu yake, akamwita fundi wa jirani aje naye aone.